Barua Iliyolala Drooni

Ijumaa ile nilifundisha kwa mara ya mwisho. Somo lilikuwa sauti ya ng'. Watoto arobaini na wawili walivuta midomo, wakalia kama ng'ombe, wakacheka mpaka wengine wakaanguka chini ya madawati. Kengele ikalia, wakatoka mbio bila hata mmoja kugeuka nyuma. Sikuwalaumu. Mtoto wa miaka saba atajuaje kustaafu ni nini?

Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na saba, katika shule ile ile niliyosoma mwenyewe, chumba cha pili kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Mji mzima uliniita Mwalimu Herufi. Daktari wa hospitali yetu akiniandikia dawa alikuwa anaficha karatasi kwa kiganja, maana alijua nikiuona mwandiko ule nitamwambia afute aandike upya.

Siku hiyo nilikuwa na Kimya, tunabandua kadi za herufi ukutani. Jina hilo nilimpa mimi. Aliingia darasani kwangu akiwa na miaka saba, mama yake akiwa amefariki miaka mitatu nyuma, na hakuwa akisema na mtu yeyote. Muhula mzima hakutoa sauti. Halafu asubuhi moja, katikati ya somo, akasimama, akasoma sentensi nzima ubaoni, akakaa. Sasa ana miaka ishirini na tisa, anaongea kama redio, na ndiye aliyepangiwa kurithi darasa langu.

"Mwalimu, hii 'k' umeikata vibaya, inafanana na 'h'."

"Naijua. Iko hivyo tangu wewe hujazaliwa."

"Kumbe ndiyo maana mpaka leo mwandiko wangu uko hivi!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akachungulia dirishani. "Baba yupo nje."

"Anakusubiri?"

"Anakusubiri wewe. Tangu saa nane anazungukazunguka pale bombani kama mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi. Siku mbili hizi hali chakula vizuri. Nikimuuliza, ananiambia ana neno lako." Akabeba mkoba wake. "Mimi natangulia nyumbani, Mwalimu. Msikilize tu."

Baba yake Kimya alikuwa karani wa ofisi ya elimu ya wilaya kwa miaka thelathini na tano, nyuma ya dirisha dogo la likizo na uhamisho, na watu walimwita Karani tu. Lakini mimi namkumbuka kabla hajawa baba wa mtu. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata, aliyetuletea chaki shuleni kwa mikono yake ingawa ofisi yao ilikuwa na tarishi. Alianza na maboksi mawili. Baadaye ikawa boksi moja. Kuna siku alileta vipande vitano vimefungwa kwenye gazeti, na mwalimu mkuu wa wakati huo akamuuliza mbele yetu wote, "Kijana, hizi chaki unazileta au unazisindikiza?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kutoka shuleni hadi posta ni mwendo wa dakika kumi. Sisi wawili tuliufanya wa saa nzima. Akipata la kusema, alisema huku akitazama viatu vyake. Asipopata, tulinyamaza, na ule ukimya ulikuwa mtamu kuliko mazungumzo ya watu wengine. Mwishowe akaleta posa nyumbani. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Kaka akakataa. Alisema dada yake mwalimu haolewi na kijana wa dirishani. Nililia wiki mbili, kwa siri, maana mama alikuwa amepooza upande mmoja na sikutaka aone macho yangu. Miaka michache baadaye Karani alioa kwingine. Mimi nilibaki na mama, na darasa la kwanza, na sikuolewa.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu, miaka sitini na minne, nywele zote nyeupe. Shati bado lilikuwa linakata.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu. Kaa."

Kiti cha mtu mzima kilikuwa kimoja, nacho nimekikalia mimi. Akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakakaribia kumgusa kidevu.

"Jumatatu unakwenda kuchukua faili lako," akasema.

"Ndiyo. Wameniambia niende mapema."

"Kuna barua utaikuta humo ndani. Nimetaka uisikie kwangu kabla hujaiona."

"Barua gani?"

"Ile uliyokuwa ukiniuliza."

Nilielewa palepale. Miezi mitatu baada ya kumzika mama, nilijaza fomu ya kuomba kwenda kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nyumba ilikuwa imebaki na kitanda kitupu na mimi, na kila jioni nilijiona nafanana zaidi na kile kitanda. Nilitaka kuondoka. Fomu nilimkabidhi Karani dirishani, mkono kwa mkono. Kisha nikarudi mara tatu kuuliza kama majibu yametoka.

"Ilikuja?" nikauliza.

"Ilikuja. Walikukubali. Wiki moja kabla hujaja kuuliza mara ya kwanza."

"Na ukaniambia bado."

"Nikakuambia bado."

"Mara tatu, Karani."

"Mara tatu." Hakuinamisha kichwa. "Niliitia kwenye droo yangu, chini ya karatasi za kaboni. Chuo nikawaandikia kwamba umeghairi. Ikalala pale mpaka siku niliyostaafu. Nilijaribu kuichana nikashindwa. Nikairudisha kwenye faili lako, mahali pake."

Nje mtu alikuwa anafagia uani. Nilisikiliza ule ufagio mpaka ukafika mwisho wa ua.

"Kwa nini?"

"Wiki ile ndiyo Kimya alisoma ile sentensi. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni, akaniambia, 'Baba, leo nimesoma.' Mwalimu, miaka mitatu nilikuwa sijasikia sauti ya mwanangu. Nilikaa chini sakafuni na viatu vyangu miguuni. Kesho yake nafungua barua za ofisi, nakutana na jina lako."

"Kwa hiyo ulifanya kwa ajili ya mtoto."

Nilimpa mlango wa kutokea hapo, na aliuona. Hakuutumia.

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini Kimya alipanda la pili, akapanda la tatu, akamaliza shule hii, na barua bado iko drooni. Basi haikuwa mtoto. Ilikuwa mimi. Kila siku nikitoka kazini nilipita njia hii ya nyuma ya shule. Nilitaka nikipita niendelee kukusikia ukiwasomesha. Hilo tu."

Moyo wangu ulinisaliti. Kwa nukta moja uliruka kama wa msichana wa miaka ishirini na sita, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi ya barua yenyewe.

"Umeletwa na dhamiri yako, au umeletwa na Jumatatu?"

"Jumatatu ndiyo imenisukuma. Sitakudanganya tena."

"Miaka ishirini na miwili! Kila Ijumaa unapita mlangoni kwangu, unanisalimia, 'Mwalimu, habari za kazi?' Unanitazama machoni! Nilidhani sikufaa. Unajua hilo? Nilidhani walisoma fomu yangu wakaona mwanamke wa darasa la kwanza, hajui lolote zaidi ya a, e, i, o, u, wakaitupa. Nimetembea na aibu hiyo mpaka leo asubuhi!"

Uso ulimshuka. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja.

"Ungeniomba nibaki," nikasema. "Ungekuja tu hapo mlangoni, useme, 'Usiende.'"

"Ungebaki?"

"Hutajua! Na mimi sitajua! Hicho ndicho ulichonichukulia. Toka, Karani. Tafadhali, toka."

Alijaribu kusimama, goti likakwama chini ya dawati. Akavuta, dawati likamfuata. Akavuta tena. Mwisho nikainuka nikalishikilia dawati ili atoke, bega kwa bega, bila kutazamana, na nikasikia harufu ya pasi kwenye shati lake. Alipoondoka nililia kwa kelele. Mwalimu haruhusiwi kulia darasani, lakini mimi sikuwa mwalimu tena.

Jumapili nilikwenda kwa kaka. Ana miaka sabini na moja, na masikio yake ni mazito kwa yale asiyotaka kuyasikia. Nilimweleza yote tukiwa sebuleni, wifi akiwa anakunja nguo pembeni.

"Karani yule yule?" akang'aka. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Na sasa anataka nini? Usiniambie ana habari za posa tena. Mna miaka sitini nyie! Watu watasemaje?"

"Kaka, sikuja kuuliza ya sasa. Nimekuja kuuliza ile ya kwanza. Ulimkataa kwa sababu ya dirisha?"

"Mambo ya zamani hayo, mdogo wangu."

"Mwambie," wifi akasema, bila kuinua macho kwenye nguo. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

Kaka alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Kijana hakuwa na ubaya," akasema. "Lakini ungeolewa, nani angemgeuza mama kitandani? Wifi yako alikuwa na mapacha wachanga. Mimi sikujua hata kumshika. Wewe ukiwepo, mambo yalikwenda. Basi nikaona… nikaona ubakie kwanza. Mwaka mmoja, miwili."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ungekubali. Nakujua, ungekubali palepale, halafu kila nikikutazama ningejua nimekukalisha. Nikaona afadhali unichukie kwa majivuno kuliko kwa uvivu." Mzee huyu niliyemwogopa tangu utotoni akageukia ukutani. "Nilikosa, dada yangu."

Nilimshika bega tu, nikaaga. Njia nzima nilikuwa nawafikiria wanaume wawili walionitaka nibaki, kila mmoja kwa haja yake na kila mmoja kwa mapenzi yake, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniuliza.

Jumatatu nikaenda ofisi ya elimu. Dirishani alikuwa binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akaniletea kiti na faili nene lililofungwa kwa uzi. Nilianza mwanzo. Kulikuwa na picha yangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, shingo ndefu, macho yamenitoka kwa woga wa kamera. Kulikuwa na malalamiko ya mzazi mmoja kwamba nawaimbisha watoto mno, na ripoti ya mkaguzi kwamba darasa langu lina kelele lakini linasoma. Kisha ikaja yenyewe, imekunjwa mara mbili. Umeteuliwa kuwa mkufunzi wa kusoma na kuandika. Uripoti ndani ya siku kumi na nne.

Nilijaribu kuyaona maisha yale. Niliona ofisi yenye jina langu mlangoni na wanachuo wakinipisha kwenye ngazi. Yalikuwa maisha mazuri, yalinifaa, na niliyalilia pale kwenye kiti bila kujificha.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikaanza kuwaondoa watoto wa miaka ile ishirini na miwili, mmoja mmoja, kana kwamba sikuwahi kukutana nao. Nikamwondoa yule mdogo aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto na kujificha. Nikawaondoa mapacha waliokuwa wakinijibu kwa pamoja, na yule ambaye sasa ni nesi na alinishika mkono nilipofanyiwa upasuaji. Nikamwondoa binti huyu wa dirishani. Nilipofika kwake, akaniuliza, "Mwalimu, nikuletee maji?" Nikashindwa. Niliwarudisha wote. Hasira ilikuwa bado ipo, nzima kabisa, ila haikuwa peke yake tena.

Mchana ule ule nikaenda kwa Karani. Alikuwa mezani karibu na dirisha, anapiga pasi. Aliponiona alisahau pasi juu ya shati.

"Unaunguza," nikamwambia.

Akaiinua haraka. Kola ilikuwa imeshaungua.

"Nimeiona barua," nikasema. "Kesho nakwenda kukiona hicho chuo. Nakwenda peke yangu, nitakaa wiki moja."

"Wiki nzima? Kufanya nini?"

"Kutazama. Nina haki ya kuona nilichonyimwa."

"Unayo." Alisimama na lile shati mkononi, moshi mwembamba ukitoka kwenye kola. Alinitazama machoni, si viatuni. "Utarudi?"

"Hilo ndilo swali ulilotakiwa kuniuliza miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Nauliza leo."

"Basi leo jibu langu ni kwamba sijui. Kaa nalo. Mimi nimekaa na 'bado' yako muda mrefu zaidi."

Nikasafiri. Chuo kilikuwa kizuri kuliko nilivyokuwa nakiwaza. Nilipojieleza getini, mkuu wa chuo alinikaribisha, akaniruhusu niketi nyuma ya ukumbi wakati wa somo. Mkufunzi alikuwa mwanamama wa umri wa kati, anafundisha vizuri. Nilimwonea wivu nusu saa. Nusu saa iliyofuata nikajikuta namsahihisha kimoyomoyo. Siku ya tatu akaniomba nisimame mbele, niwaoneshe wanachuo jinsi ninavyomfundisha mtoto asiyesema. Niliwaeleza habari za msichana mmoja aliyenyamaza muhula mzima, na jinsi nilivyokuwa nikimwekea kadi mezani kila asubuhi bila kumdai neno. Mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Na kama asingesema kabisa?"

"Ningeendelea kumwekea kadi," nikasema.

Jioni ile, kwenye chumba cha wageni, ile aibu niliyoibeba miaka yote iliniachia. Nilikuwa nafaa. Nilifaa tangu zamani. Kujua hivyo kulinitosha. Sikuhitaji tena kukaa pale kulithibitisha. Siku ya tano nikapanda basi la asubuhi.

Tulifika stendi jua likielekea kuzama. Niliteremka na begi langu, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Karani, amesimama karibu na kibanda cha tiketi, shati jipya, mikono imeshikana nyuma.

"Nilikwambia wiki moja," nikasema. "Umejuaje kama narudi leo?"

"Sikujua. Nimekuja kila siku tangu ulipoondoka. Mkata tiketi ananiuliza kama nataka kazi."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Abiria walitupita na mizigo yao. Alisogea hatua moja, akasimama mbele yangu kama anayetoa ripoti.

"Mwalimu, kaka yako alikuja kwangu juzi. Alisema safari hii hana neno. Nikamwambia, kwa heshima zote, safari hii simuulizi yeye." Akakohoa, akaanza upya. "Nakuuliza wewe. Nilikudanganya, na sina cha kukulipa. Nakupenda tangu wakati wa chaki. Utanioa… nisamehe, nimekosea maneno. Utakubali nikuoe? Ukisema hapana, nitakubebea begi mpaka kwako na nitarudi zangu."

Tulitazamana. Uso wake ulikuwa na mikunjo niliyoiona ikija mmoja mmoja, Ijumaa baada ya Ijumaa, mlangoni pa darasa langu.

"Sijakusamehe," nikasema.

"Najua."

"Nitakusamehe kidogo kidogo. Siku nyingine nitaamka nimekasirika upya, na hutaniuliza kwa nini."

"Sitauliza."

"Na kazi hiyo ya kusamehe, Karani, siwezi kuifanya nikiwa nyumba moja na wewe nyumba nyingine. Kwa hiyo ndiyo. Nakubali."

Alifunika macho kwa kiganja. Nikamsubiri amalize, kisha nikampa begi, nikapitisha mkono wangu kwenye mkono wake, tukachukua njia ndefu.